Kahawa ya Barafu na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini, kahawa ya maziwa siku ya Ijumaa hainywewi ya moto. Baba alikuwa fundi wa magari, na akirudi kutoka msikitini alitaka bilauri ndefu ya kahawa ya barafu, na asiulizwe neno mpaka aimalize. Tulikaanga buni mpaka zing'ae mafuta, tukazitwanga pamoja na iliki na kipande cha tangawizi, tukapika kahawa nzito na kuiacha ipoe. Kisha yakaja maziwa, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Unayaweka kwenye moto mdogo na kuyakoroga bila kubanduka hapo mpaka yapungue nusu, yawe mazito, na rangi yake ianze kukolea. Unatia sukari, unachanganya na kahawa, unahifadhi mahali pa baridi, na saa ya kunywa unamimina juu ya barafu iliyovunjwa kwa nyundo ndani ya gunia safi. Nyundo ilitoka gereji kwa baba, na kila wiki alilalamika kwamba hairudi.

Maziwa mabichi hayafai. Hayashikani na kahawa. Yanakaa nayo ndani ya bilauri kama wageni wawili waliokalishwa benchi moja bila kujulishana. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia habari hii huniuliza kwa nini sikutumia mabichi tu, yakaisha. Nilitumia. Nitafika huko.

Nilipoolewa nilihamia mtaa wa Mutanga Sud. Mume wangu alikuwa karani chuo kikuu, na tulipata nyumba ndogo yenye ua nyuma. Ukisimama uani unaona vilima vyote vilivyo juu ya jiji, upande wa mashariki. Wageni walikuwa wakisema tuna mandhari nzuri. Mimi nilichokuwa nikikitazama kule ni moshi, na nilichokisikiliza ni milio ya bunduki, nikijaribu kukisia kama iko kwenye kilima cha pili au cha kwanza.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu au wa nne, na nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Sisi tuliita ambargo, tukalitamka neno hilo kama jina la shemeji asiyelipenda kabila la mtu yeyote. Maziwa ya unga ya kopo, ambayo nilikuwa nikipikia kahawa yangu tangu niolewe, yalitoweka madukani. Sukari ilikuja na kupotea. Na kahawa, jamani. Tunaishi katika nchi ya kahawa, miti yake iko hadi nyuma ya makanisa, lakini buni nzuri zimeandikiwa kusafiri. Sokoni tuliachiwa zilizotobolewa na wadudu, nikazichagua moja moja kwenye ungo kama mtu anayetafuta chawa. Umeme nao ulikuja ukijisikia. Kwa hiyo nilihitaji buni, sukari, maziwa na barafu vikutane nyumbani kwangu siku moja, na kwa miezi mingi havikukutana.

Lakini kilichonichosha zaidi hakikuwa uhaba, ni makatazo. Usipite barabara ile. Usiende kwa dada yako leo. Usiwe nje saa ya kufunga mji ikigonga. Usiseme hivyo mbele ya yule mwanamke, hujui kaka yake yuko wapi. Kila asubuhi palikuwa na katazo jipya, na wote waliokuwa wakinikataza walikuwa sahihi, jambo ambalo lilinikera kuliko makatazo yenyewe. Kahawa ya Ijumaa ilikuwa jambo moja nililojua linakwendaje tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna askari wala jirani aliyekuwa na neno juu yake. Nilitaka kitu kimoja tu kiende nilivyotaka.

Ndipo mama mkwe akaja na ng'ombe.

Alitoka kwenye kimojawapo cha vile vilima, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Alikuwa na ng'ombe saba. Sita walichukuliwa, na nani hakusema, maana kusema ni nani ilikuwa hatari kuliko kupoteza. Aliingia langoni kwetu mchana, miguu imevimba, akimvuta ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu na ndama nyuma yake. Kabla hajaketi aliomba maji, akampa ng'ombe.

Mimi na yeye hatukuwa na historia nzuri. Mwanawe aliacha kanisa ili anioe, na siku ya harusi yetu mama huyu alipatwa na homa iliyopona kesho yake. Kwa miaka minne hakukanyaga nyumba yangu. Jioni ile alikamua uani, akachuja, akapita mbele ya mwanawe na mbele ya mjukuu wake, akanipa mimi bakuli la kwanza kwa mikono miwili. Sikutegemea. Nililipokea kwa mikono miwili nami, na machozi yakanitoka, nikasingizia moshi wa jiko.

Alingoja ninywe. Halafu akasema, kwa kile Kiswahili chake alichojifunzia sokoni:

"Maziwa hii mukunywe vile iko. Usiiweke ku moto. Ikichemuka, ikianguka mu makala, ngombe itakauka."

"Mama, mu mji tunachemusha. Daktari anasema maziwa mubichi iko na magonjwa."

"Ule daktari, iko na ngombe ngapi?"

Mume wangu alicheka, nami nikacheka, na mambo yakawa hivyo. Nilijua watu wa vilimani hawachemshi maziwa. Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni kama tunavyosikia mambo ya watu wengine. Sasa lilikuwa ndani ya nyumba yangu, limefungwa kamba kwenye mparachichi. Nikakubali. Kila jioni nilipewa bakuli langu la kwanza, binti yangu mdogo akanenepa mashavu, na mama mkwe akaanza kuniita mutoto wangu. Nilikuwa na maziwa mengi kuliko wakati wowote tangu ambargo ianze, na sikuweza kupika nayo kahawa. Ukitaka kujua hasira yangu ilikuwa ya namna gani, ilikuwa hiyo.

Kwanza nilijaribu kwa heshima. Nilipika kahawa, nikaipoza, nikamimina maziwa mabichi na barafu chache tulizopata. Ilitoka kijivu. Ilikuwa na harufu ya zizi, na juu pakaelea vipande vyeupe. Nikampa mume wangu.

"Iko muzuri," akasema.

"Kunywa basi."

"Nitakunywa baadaye."

Aliiweka dirishani, na nadhani ilinywewa na maua. Juma lililofuata nilijaribu tena na sukari zaidi, kisha tena bila tangawizi, nikidhani tangawizi ndiyo inayoyakata maziwa. Mara zote tatu ilimwagwa, na buni nilizochagua kwa ungo zikaenda na maji. Nilikasirika hata na iliki.

Siku niliyokosea ilikuwa Jumapili. Mume wangu alimsindikiza mama yake kanisani, kwa kuwa hatukumwacha atembee peke yake, na akamngojea huko mpaka misa iishe. Umeme ulikuwa umelala ndani tangu Ijumaa bila kukatika hata mara moja; frigo ilikuwa na barafu ngumu. Nilikuwa na sukari. Nilikuwa na kahawa iliyokwisha kupoa. Na kwenye kabati palikuwa na maziwa ya asubuhi, sufuria nzima. Vyote vinne, siku moja, na nyumba haina mtu isipokuwa mimi na mtoto. Sikufikiri sana. Ningefikiri, nisingefanya.

Niliyaweka kwenye mbabura, jiko letu la makaa, nikapunguza moto kwa jivu, nikaanza kukoroga. Yalikuwa maziwa ya kweli, si ya unga, na harufu yake ilipoanza kupanda nilisahau mwaka tuliokuwa nao. Yalikuwa yamebaki kidogo tu yafike pale ninapotaka. Ndipo ikalia risasi upande wa mtaa wa Kinama, halafu nyingi mfululizo, na mtoto alikuwa uani. Nilikimbia, nikambeba, nikafunga lango, nikamlaza chini ya kitanda na mdoli wake. Hata risasi zilichagua dakika ile. Niliporudi jikoni maziwa yalikuwa yamepanda na kufurika, yakitiririka pande zote za sufuria hadi ndani ya makaa, yakilia juu ya moto. Moshi mweupe ulijaa hadi darini.

Niliiondoa sufuria motoni. Mimi siamini mambo hayo, na bado nilichungulia uani kumtazama ng'ombe.

Kisha nikafanya kazi haraka kama mwizi. Makaa nikayazika nyuma ya choo. Mbabura nikaisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ikang'aa kuliko siku niliyoinunua, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtaki. Nikafukiza ubani nyumba nzima, chumba kwa chumba, hadi uani kwa ng'ombe, ambaye alinitazama akitafuna. Risasi zilikuwa zimekoma. Maziwa yaliyobaki ndani ya sufuria yalikuwa yamepungua nusu kasoro, mazito, rangi yake imekolea. Nikachanganya. Nikavunja barafu. Nikaketi kwenye kigoda nikanywa bilauri tatu moja baada ya nyingine, ili nisibakize ya kufichwa; nikiulizwa, ningesema maziwa tulikunywa mabichi, mimi na mtoto.

Mama mkwe aliporudi alisimama mlangoni akavuta pumzi. "Leo munaomba sana," akasema, akaenda kuvua viatu vyake vya kanisani.

Kwa majuma kadhaa hakikutokea kitu. Nilianza kujipongeza kimoyomoyo. Halafu mapigano yakahamia pande za Kinama kwa nguvu, na mzee mmoja aliyekuwa akituletea majani ya ng'ombe kwa baiskeli kutoka Carama, jirani na Kinama, hakuonekana tena. Nje ya Carama ndiko kulikokuwa na majani ya kukata. Kwetu palikuwa na uzio na vumbi. Tukampa ng'ombe maganda ya ndizi, maganda ya viazi vitamu, na majani makavu ambayo mume wangu aliyakusanya chuoni akirudi kutoka kazini, ameyafunga kwa tai yake. Ng'ombe akakonda, maziwa yakapungua. Bakuli langu likawa nusu, kisha robo, kisha mama mkwe akaniomba radhi kwamba leo ni ya mtoto tu.

Kwangu mimi jambo lilikuwa wazi: mnyama asiyekula hatoi. Nililisema hivyo. Mama mkwe alinisikiliza kwa adabu akatikisa kichwa.

"Mu njaa kubwa kuliko hii, mama ya hii ngombe ilitoa maziwa. Apana. Kuko mutu alifanya kitu."

Akaanza kumtafuta mtu huyo. Kwanza alimshuku mzee wa majani, kwamba alikata kwenye makaburi. Kisha alimshuku jirani aliyemsifu ng'ombe bila kusema neno la kumlinda. Kila jioni alikaa kwenye kigoda uani, paji la uso limegusa ubavu wa ng'ombe, akivuta chuchu zisizotoa kitu, na mimi nikiosha vyombo hatua tano kutoka kwake. Nilikuwa na hasira na yeye kwa kuamini upuuzi. Nilikuwa na hasira na mzee wa majani kwa kutokuja, kana kwamba alikuwa amekaa mahali akinywa bia. Nilimjibu mume wangu vibaya kwa sababu ya chumvi. Kusema kweli nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa hugomba.

Kisha akaacha kuwashuku wengine. Alituita mimi na mwanawe sebuleni, mchana wa siku ya mapumziko, akasema amempata aliyekosa.

"Ni mi," akasema.

Akatueleza. Pale kwake, mbele ya zizi, kulikuwa na moto wa ng'ombe, ule unaowashwa jioni ili moshi uwafukuze nzi. Asubuhi waliyokimbia alikuwa ametoka kukamua, na ndoo ilikuwa mkononi. Watu walipita wakipiga kelele, akageuka, akajikwaa, na maziwa yote yakaingia motoni.

"Nilisikia inalia mu moto," akasema. "Sikusimama. Sikusema kitu. Nilikamata kamba ya hii moja, nikakimbia. Sasa inanifuata."

Alitaka kurudi. Kosa lile lilikuwa na dawa yake, majani ya kuweka pale penye ule moto na maneno ya kusema, naye ndiye pekee aliyebaki wa kuyasema. Angekwenda asubuhi, angerudi jioni. Kilima chenyewe kilikuwa kinaonekana dirishani, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba aliweza kukinyooshea kidole.

Mume wangu alipiga magoti. "Mama, batu balienda kuchimba mihogo yabo kule, habakurudi. Batatu ba palepale kwenu. We unajua."

"Najua."

"Basi juu ya nini?"

"Kama ngombe inakufa, mi nitabakia na nini?" akasema, na hakuwa analia.

Mwanawe alizungumza naye siku mbili. Alileta mtu wa kanisa, ambaye aliongea naye kwa Kirundi cha upole kwa saa nzima, na mama mkwe akamshukuru, akamkaribisha chakula. Mimi sikusema kitu. Nilijiambia kwamba ng'ombe amekauka kwa sababu ya kukosa majani, na hivyo ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Kwamba nikikiri, nitakuwa nakiri kosa ambalo halikufanya lolote. Nilijiambia pia kwamba hatakwenda, ni maneno ya huzuni. Na chini ya hayo yote kulikuwa na lile bakuli la kwanza la mikono miwili, ambalo nilijua nikisema sitalipata tena maishani.

Siku ya tatu alingoja mwanawe aende kazini. Nilikuwa naanika nguo nilipomwona anatoka chumbani amevaa viatu vyake vya kanisani, kichwani amefunga kitambaa, mkononi kifurushi. Alimwinamia mtoto akamgusa utosi. Kisha akaelekea langoni, na aliponipita akaniambia nimpe ng'ombe maji saa sita. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwenda dukani.

Niliacha shuka likaanguka mchangani. Nilifika langoni kabla yake, nikashika komeo.

"Mama, rudi ndani. Si we. Ni mi."

Alisimama.

"Nilichemusha maziwa. Ile siku ya Mungu mulienda ku misa, nilichemusha juu ya kahawa yangu. Ikapanda, ikaanguka mu makala."

Alinitazama bila hasira yoyote, na nikaelewa kwamba haniamini. Alidhani ni mume wangu aliyenifundisha la kusema. Hata akanishika bega, kama unavyomshika mtoto anayejisingizia ili mdogo wake asichapwe.

"We iko na roho muzuri," akasema. "Niache nipite."

"Mama, ni kweli. Nilifukiza ubani juu ya harufu."

Mkono wake ulibaki begani kwangu. Alikuwa anafikiri.

"Yenye ilibakia mu sufuria, uliifanya nini?"

"Niliikunywa."

"Yote?"

"Yote. Bilauri tatu. Sikubakishia hata bwana yangu."

"Ilikuwa tamu?"

Ningeweza kusema haikuwa na ladha, kwamba ilinikwama kooni, kwamba nilijuta kila funda. Hayo ndiyo ambayo mtu mwenye roho nzuri angeyasema, na mama angeona namdanganya, angenipita hapo akaenda zake kilimani. Aliyapeleka macho yake kwenye mdomo wangu akingoja.

"Ilikuwa tamu sana, mama," nikasema. "Sijakunywa kitu tamu vile tangu vita ianze. Kama ingebakia nyingine, ningekunywa."

Aliutoa mkono begani kwangu. Niliona uso wake ukibadilika taratibu, kuanzia kwenye paji, mpaka ukafika pale nilipouogopa. Alikiweka kifurushi chini kwenye vumbi. Halafu akanitukana. Alinitukana kwa Kirundi, lugha yake mwenyewe, bila kupaza sauti na bila kurudia neno, mimi na kahawa yangu na mji ulionilea, na mdomo wangu uliokunywa bilauri tatu huku yeye akipiga magoti kanisani. Nilisimama pale nikimsikiliza, komeo mkononi, nikiomba asimalize, kwa kuwa anayenitukana bado hajaondoka.